Sura ya Saba: Alama Moja Sakafuni

Inspekta Alawi alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake: kabla ya kumhoji mtu, alipenda kwanza akihoji kitu. Watu hudanganya, alikuwa akisema, tena wengine wana kipaji nacho. Lakini sufuria haijui kudanganya, wala mlango, wala kiatu. Ndiyo maana asubuhi ile ya Julai 1979, badala ya kukaa mezani akaandika maelezo ya mtuhumiwa, alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya ghala la mpunga mjini Mbeya, suruali yake ya kaki ikiokota vumbi la pumba. Mkewe, Mwamvita, alikuwa amemwonya kabla hajatoka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na sabuni nayo ilikuwa imekwisha. Suruali ikichafuka itafuliwa kwa majivu, na atakayeifua ni yeye mwenyewe mwenye suruali.

"Utachafuka, Afande," alisema Koplo Lutengano, msaidizi wake, kijana wa Tukuyu aliyependa buti zake zing'ae.

"Nimeshachafuka. Njoo na wewe uchafuke."

Mbele yao ilisimama foklifti, mashine ya betri ya kunyanyulia magunia, moja tu katika ghala zima. Juzi mchana mashine hiyo ilimgonga mtunza ghala, Mzee Muhidini, ikambana mguu kwenye rundo la magunia yaliyotoka Ubaruku. Mguu ulivunjika vibaya. Dereva wake, Maganga Shigela, alikuwa mahabusu, na Mkuu wa Upelelezi wa mkoa alikuwa ameagiza kesi ifike mahakamani Ijumaa, kosa likiwa kujaribu kuua. Kosa hilo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, na Maganga alikuwa na watoto wadogo.

Meneja Liberatus alisimama juu yao, mikono mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye malori yaliyopanga foleni nje, na mpunga wa Usangu hausubiri upelelezi.

"Mimi sioni kinachotafutwa hapo chini," alisema. "Dereva anadai alikanyaga breki. Fundi wetu ameikagua. Tumeinyanyua mashine kwa jeki, tumezungusha gurudumu, tumekanyaga breki, likasimama pale pale. Sasa kati ya breki na dereva, mwongo nani?"

"Breki haijui kudanganya," Alawi alikubali, na haikumfurahisha kupigwa kwa fimbo yake mwenyewe.

"Haya. Na asubuhi ya siku ile ile mlinzi alimsikia kwa masikio yake. Alimwambia Mzee Muhidini, 'Leo nitakuzika, tena bila sanda.' Watu wote waliokuwa wakipakua walisikia."

Lutengano aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeona kesi imekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Alawi alikuwa akiitazama sakafu. Mahali mashine ilipofungiwa breki palikuwa na alama nyeusi ya mpira uliosuguliwa, nzito, inayoanza katikati ya njia na kukunja kuelekea kulia, kwenye rundo ambako Mzee Muhidini alikuwa amesimama. Ilikuwa alama ya gurudumu la kulia. Aliitafuta ya kushoto. Alitambaa huku na huku, akapuliza pumba, akalowesha kidole mate akasugua saruji. Haikuwepo.

"Mashine hii ina magurudumu mangapi yanayofunga breki?"

"Mawili. Haya ya mbele, ndiyo yanayoendesha."

"Na alama ni moja."

"Alikata kona, uzito ukalalia upande mmoja," alisema Meneja. "Hilo linaonyesha wazi kwamba alimwelekea."

Lilikuwa jibu zuri, na Alawi aliliweka akilini pamoja na mengine. Akasogea kwenye magurudumu yenyewe. Hayakuwa matairi ya kujazwa upepo. Yalikuwa mpira mtupu, mnene kama gogo, ulioshindiliwa kwa presi juu ya gurudumu la chuma. Yaling'aa kwa upya.

"Yamebadilishwa lini?"

"Wiki iliyopita. Ya zamani yalikuwa yameliwa hadi alama ya mwisho, halafu yakaanza kumeguka vipande. Mashine ikawa inaruka kama punda, magunia yanadondoka. Maganga ndiye aliyenisumbua mpaka nikaagiza mapya." Meneja alikunja midomo. "Huyo bwana na matairi yake! Kila asubuhi anayachokoa kwa spoku ya baiskeli, anatoa vijiwe na vipande vya waya, kama mtu anayechokoa meno. Mtu akimwaga oili kwenye njia yake, siku hiyo ghala zima litajua."

"Mapya mliyashindilia hapa?"

"Hapa presi kubwa hatuna. Yalipelekwa Igowole kwa lori, kuna fundi mwenye presi kwenye karakana ya chai."

Alawi aliinama tena. Kwenye tairi la kulia palikuwa na mstari wa rangi nyeupe, ulioanzia kwenye mpira ukaishia kwenye chuma, mstari mmoja ulionyooka. Kwenye lile la kushoto kulikuwa na mstari pia. Lakini ule wa kwenye mpira ulikuwa huku, na ule wa kwenye chuma ulikuwa kule. Alifungua kiganja akapima. Shibiri nzima.

"Fundi huyu wa rangi alikuwa amelewa?" aliuliza Lutengano.

"Labda," alisema Alawi, akajipangusa magoti. Kisha akapitisha kidole pale mpira ulipokutana na chuma, akakinusa. Kilinuka kitu alichokijua, ila hakukumbuka alikijulia wapi.

*

Kwenye benchi la kituo cha polisi alikaa mwanamke mrefu mwenye kikapu na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alipomwona Alawi alisimama, akapiga goti kidogo kwa heshima ya kwao.

"Shikamoo, Afande. Mimi ni Leokadia, mama Ngolo. Mke wa Maganga."

"Marahaba, mama Ngolo. Umetoka mbali?"

"Ubaruku. Nimelala njiani." Hakuonekana mtu wa kulia, alionekana mtu wa kugombeza. "Nimeambiwa mume wangu alitaka kuua mtu. Nikauliza, mtu gani? Nikaambiwa, Mzee Muhidini. Nikacheka, Afande, Mungu anisamehe. Yule ni mtani wetu."

Alawi aliketi kando yake. Babu yake mzaa baba alitoka pwani, na hakuhitaji kuelezwa. Ila Lutengano alikuwa amesimama pale, na Lutengano alihitaji.

"Mtani kivipi, mama?"

"Sisi Wasukuma, yeye Mzaramo, au babu zake walikuwa. Mwaka juzi tulipofiwa na mama mkwe, alipanda lori akaja mpaka Ubaruku. Tukafika makaburini, akashuka kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Watu wanalia, watu wanacheka. Tukampa jogoo. Kila wakikutana na mume wangu, huyu anamwambia yule nitakuzika bila sanda, yule anamwambia huyu nitakuuza sokoni na ng'ombe wako. Ndiyo salamu yao."

Koplo Lutengano alitazama buti zake. "Lakini mtani naye anaweza kuua, Afande."

"Anaweza," alisema Alawi. "Ila hawezi kutangaza namna hiyo. Mama Ngolo, mume wako hana kosa hata moja?"

"Analo. Kosa lake nalijua mimi." Leokadia aliinua kidole. "Wiki ile ya kwenda Igowole alichukua kibuyu changu cha samli, kizima, cha kumalizia msimu. Namwuliza unakipeleka wapi, anasema kazini. Sasa mimi nakuuliza wewe mwenye elimu ya serikali. Kwenye magunia ya mpunga, samli wanafanyia nini?"

Alawi alikinusa tena kidole chake. Sasa alikumbuka.

Maganga aliletwa. Alikuwa mkubwa kiasi kwamba chumba cha mahojiano kilionekana kimepungua. Alimwamkia Inspekta, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti.

"Ulikanyaga breki?"

"Nilikanyaga."

"Ikakataa?"

"Haikukataa, Afande. Mguu wangu uliisikia imeshika. Lakini mashine ikaenda, tena ikakata kulia yenyewe. Usukani nilikuwa nimeunyoosha." Alifikiri kidogo. "Asubuhi huwa haina neno. Ni mchana, ikishafanya kazi ikapata moto, ndiyo inaanza kuteleza teleza. Nilidhani mpira mpya haujazoea sakafu."

"Igowole ulikwenda na nani?"

Maganga akaitazama mikono yake.

"Samli ilikuwa ya nini?"

Kichwa kiliinuka, kikateremka. "Mke wangu amekuja?"

"Amekuja. Hajakusamehe."

Uso wa Maganga ulilegea, karibu acheke, kisha ukafunga. "Afande, ya kwangu nimekwambia. Yaliyobaki si yangu. Mwenye nayo amelala hospitali, sijui usiku wa leo analala upande gani na mguu ule. Siwezi kumsemea mtu aliyelala."

"Ukinyamaza, Ijumaa unasimama mahakamani. Unajua kifungo chake?"

"Nimeambiwa." Alitazama mlango. "Yeye atasema. Namjua. Mpe muda."

Lutengano alipomrudisha ndani, Alawi alibaki akitazama kiti. Alikuwa amehoji waongo wengi, na njia ya mwongo ni fupi. Huyu hakuwa akikimbia njia yoyote. Alikuwa amekaa kitako akimngoja mwenzake, na jambo hilo lilimgusa Inspekta kuliko alivyopenda.

*

Hospitalini Mzee Muhidini alilala chali, mguu uliofungwa plasta umening'inizwa, kofia yake ya viua juu ya kimeza. Binti yake, Kudra, alikuwa kando ya kitanda na vichanga viwili mapacha, mmoja begani, mmoja mapajani. Walifungwa nepi nyeupe pepepe.

"Hongera, mwanangu," Alawi alimwambia Kudra. "Wana muda gani?"

"Hata arobaini bado, Baba. Mzee alisubiri wajukuu mpaka akakata tamaa, Mungu akamletea kwa mkupuo."

Alawi aliinama kuwatazama watoto. Walinukia usafi. Alikuwa hajakutana na harufu hiyo nyumbani kwake tangu mwezi wa Machi.

"Mzee Muhidini, siku ile ilikuwaje?"

"Sikumbuki, mwanangu."

"Maganga alikukusudia?"

Mzee aliugeuzia ukuta uso. "Sikumbuki. Kichwa kinauma."

"Meneja anasema alikukusudia. Ijumaa atapelekwa mahakamani."

Macho ya mzee yalifunguka yakafungwa. Kudra alimtazama baba yake, akamtazama Inspekta, akampapasa mtoto mgongoni ingawa mtoto hakuwa akilia.

"Sikumbuki," alisema mzee mara ya tatu, kwa sauti ndogo zaidi.

*

Alhamisi alfajiri Landrova ya polisi iliteremka Usangu, ikapanda nyanda za Iringa, na kufika Nyololo ikiwa na njaa ya watu wawili. Walikula mahindi ya kuchoma kando ya barabara bila kuzima injini, maana ikizimwa kwa baridi ile huwaka kwa hiari yake. Kisha wakaiacha lami, wakaingia kwenye ukungu wa Mufindi.

"Afande," alisema Lutengano, "tuna breki nzima, tuna maneno ya kuzika, tuna alama inayomwelekea mzee. Tunasafiri siku nzima kwa ajili ya rangi nyeupe."

"Na kibuyu."

"Na kibuyu cha mama Ngolo." Koplo alitikisa kichwa. "Kwetu wangesema, 'Gwe, wewe, umerogwa.'"

Karakana ya Igowole ilikuwa banda la mabati lenye moto wa magogo katikati. Fundi Jailos, mtu mfupi mwenye sweta mbili, aliwasalimu kwa Kihehe, "Kamwene," na wao wakajibu "Kamwene," ndipo akawakaribisha motoni. Nyuma yake ilisimama presi, chuma kikubwa chenye mkono wa kushuka. Chini yake palikuwa na gurudumu la toroli la kubebea chai, limetoka kushindiliwa mpira mpya, na Jailos alikuwa ameshika brashi ya rangi.

Alipiga mstari mmoja mweupe. Ulianzia kwenye mpira, ukaishia kwenye chuma.

Alawi alichuchumaa karibu na gurudumu. "Huo mstari ni wa nini, fundi?"

"Desturi ya kazi. Mpira na chuma vinapaswa kuzunguka kama kitu kimoja. Ukitaka kujua siku vitakapoachana, unapiga mstari. Mistari ikihama, ujue mpira umezunguka peke yake juu ya chuma."

"Ya foklifti ya Mbeya imehama. Tairi la kushoto. Shibiri nzima."

Jailos aliishusha brashi polepole. "Haiwezi kuwa. Lile liliingia vizuri mno."

"Vizuri vipi?"

"Waliniletea magurudumu watu wawili, yule mrefu, Msukuma wa ng'ombe, na mzee mmoja mwenye kofia ya viua." Alawi na Lutengano walitazamana. "Niliwaambia tangu mwanzo, leteni na sabuni, maana unapaka povu ndipo mpira uteleze kwenye chuma. Mzee akasema sabuni stoo imekosekana. Yule mrefu akamtazama. Halafu akatoa kibuyu cha samli, akasema tumia hii, mafuta ni mafuta. Mke wangu alikuwa na kipande cha sabuni, kikatosha tairi moja. La pili nikapaka samli. Ilikuwa imeganda kwa baridi, nikaiweka motoni kwanza." Alisugua mikono kana kwamba bado ina mafuta. "Lile la sabuni lililia njia nzima. La samli likaingia kimya kama mgeni aliyeizoea nyumba. Nikafurahi."

"Na mafuta si mafuta?" Lutengano aliuliza.

"Mke wangu," alisema Alawi, "ana bangili mbili za mama yake, nyembamba kuliko mkono wake. Huzivaa kwa povu la sabuni. Povu likikauka, huzitoi hata kwa nguvu. Mwezi uliopita sabuni hakuna, akazivaa kwa mafuta ya nazi. Alikwenda sokoni nazo, akarudi na moja. Sabuni hukauka ikashika. Mafuta hayakauki. Kwenye baridi huganda yakajifanya gundi, na mpira ukishafanya kazi ukapata moto, yanayeyuka."

Hapo Koplo Lutengano alipiga paja. "Ndiyo maana asubuhi haina neno!"

"Na ndiyo maana kwenye jeki breki ilionekana nzima. Breki inashika chuma. Juu ya jeki hakuna kinachousukuma mpira, chuma kikisimama nao unasimama. Lakini sakafuni, na gunia kumi mbele, chuma cha kushoto kilisimama na mpira wake ukaendelea kutembea. Cha kulia kilikuwa na sabuni, mpira ukashika, ukaacha alama, ukaivuta mashine yote upande wake. Maganga hakukata kona. Alikuwa amefunga breki gurudumu moja bila kujua."

Fundi Jailos alikaa juu ya gogo. "Basi ni mimi niliyemvunja mzee wa watu mguu."

Alawi alimwekea mkono begani. "Hukumvunja peke yako, fundi. Mlikuwa wengi, na yeye mwenyewe akiwemo."

*

Ijumaa asubuhi Meneja Liberatus alikuta ghala lake limesimamishwa kwa amri ya polisi. Maganga alifunguliwa pingu mlangoni. Kabla hajapanda kwenye mashine aliizunguka, akaona kipande cha waya kimechoma tairi la nyuma, akakitoa kwa kucha, akakitia mfukoni.

"Beba magunia, peleka, rudisha," Alawi alimwagiza. "Fanya kazi mpaka nitakapokwambia."

Mashine ilivuma, ikaenda, ikarudi. Meneja alitazama saa. Malori yalipiga honi nje. Alawi alikuwa akigusa tairi la kushoto kila mashine ilipopita, kama mama anayepima joto la mtoto, na lilipokuwa moto alisogea pembeni akainua mkono.

"Sasa njoo kwa mwendo. Nikishusha mkono, breki. Usukani usiuguse."

Maganga alikuja. Mkono ukashuka. Mashine ililia, ikakata kulia yenyewe, pua ikazama kwenye rundo la magunia matupu waliyoyapanga makusudi. Lutengano, aliyekuwa amechuchumaa upande wa kushoto na chaki, alisimama na macho makubwa.

"Chuma kimesimama, Afande. Nimekiona. Mpira umepita."

Sakafuni, kando ya alama ya kwanza, ililala alama mpya, moja, imekunja vile vile kama pacha wake. Meneja Liberatus aliinama, na kwa mara ya kwanza suruali yake nayo ikaokota pumba. Alikaa chini pale muda mrefu.

"Nilikuwa nimpeleke jela," alisema.

"Ulikuwa na breki nzima na mlinzi mwenye masikio," Alawi alimjibu. "Hata mimi vilinisumbua."

"Lakini kwa nini samli? Nilitoa mche mzima wa sabuni kwa ajili ya kazi ile. Niliutafuta kwa shida, nikamkabidhi Mzee Muhidini mkononi."

Maganga, juu ya mashine, aliangalia darini.

*

Walikwenda hospitali watatu, Alawi, Lutengano na Maganga. Mzee Muhidini alipomwona Maganga akiingia wodini bila pingu, alijaribu kuinuka, plasta ikamzuia. Kudra alikuwa pale na watoto wake, akasogeza kiti.

"Kesi ya Maganga imekwisha, Mzee," alisema Alawi. "Tairi ndilo lililoponza. Limefungwa kwa samli badala ya sabuni. Ninachotaka kujua ni jambo moja tu lililobaki."

"Samli nilitoa mimi," Maganga alidakia. "Ni ya kwangu, kwa mkono wangu. Nilidhani mafuta ni mafuta. Andika hivyo, Afande."

Mzee Muhidini alifumba macho. Chozi lilimtoka, likashuka mpaka sikioni, naye akaliacha.

"Usinibebe, mtani," alisema. "Siku ile ulinibeba mgongoni toka ghalani mpaka barabarani, unalia njiani kama mtoto. Ya siku ile yatosha." Akamgeukia Alawi. "Sabuni niliichukua mimi. Watoto walikuwa wamezaliwa wiki ile, wawili, na nyumba nzima hatuna hata povu la kunawia. Binti yangu alikuwa anafua nepi kwa majivu, watoto wametoka upele, wanalia usiku kucha. Nikasema, tairi ni mpira, halioni upele. Nikamwambia Maganga, niazime samli ya mkeo, na usiniulize. Hakuniuliza. Nilipoona kile chuma kinanijia nilijua papo hapo. Nikasema nikifungua mdomo nitafungwa, wajukuu wangu wataitwa wajukuu wa mwizi. Nikasema sikumbuki. Nimelala hapa siku zote hizi namkumbuka yeye mahabusu, na nasema sikumbuki."

Kudra alikuwa ameganda, nepi nyeupe mkononi. "Baba, uliniambia umepewa na Meneja."

"Nilikudanganya, mama."

Mzee akapapasa chini ya mto. Akatoa funguo za ghala, rundo zima kwenye kamba, akamkabidhi Inspekta. "Mpelekee Meneja. Mwambie nimesema mwenyewe, sikukamatwa nikikana." Akapapasa tena, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga. Ilikuwa nusu ya mche wa sabuni, ya manjano, kingo zimelika kwa kufulia. Akamnyooshea Maganga. "Imebaki hii. Nenda nayo Igowole, ukalifunge lile la kushoto upya. Usimgonge mwingine."

Maganga aliipokea kwa mikono miwili. Aliinusa. Kisha akaikamata huku na huku, na mikono ile iliyozoea magunia ikaivunja katikati. Kipande kimoja akakitia mfukoni, kando ya kipande cha waya. Cha pili akakiweka mapajani mwa Kudra, juu ya mtoto.

Ilikuwa mali ya ghala, na Inspekta Alawi alikuwa askari wa serikali. Aligeuka akaelekea dirishani, akautazama mlima Loleza kwa makini, kama aliyeagizwa aulinde. Lutengano alimtazama mkubwa wake, akamtazama mama na watoto, halafu naye akaenda dirishani, wakasaidiana kuutazama.

Nyuma yao walisikia kitanda kikilia, Maganga akikalia ukingo wake.

"Kitatosha," alisema Maganga. "Tairi lililobaki ni moja tu. Na wewe uache kulia, Mzaramo, utalowesha plasta. Pona haraka nikuzike. Sanda sasa unayo, mjukuu atakuazima nepi."

Mzee Muhidini akaanza kucheka, na kila alipocheka mguu ulimuuma, na kila ulipomuuma alimtukana Maganga, ng'ombe wake, na mama Ngolo na samli yake.